Kodi ya miezi sita: mwenye nyumba naye ana hesabu zake

Malalamiko ya wapangaji wa Dar es Salaam yanajulikana. Chumba na sebule cha 150,000 kwa mwezi kinadaiwa miezi sita kwa mpigo, yaani 900,000. Ongeza mwezi mmoja wa dalali, inafika 1,050,000 kabla hujanunua hata godoro, na hapo hatujahesabu hela ya kuonyeshwa vyumba ambavyo vingine bado vina watu ndani. Mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi, kodi inatakiwa ya nusu mwaka. Anayekosa anaangukia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba ya kukamua. Wanaodai sheria ilazimishe kodi ya mwezi mmoja mmoja wana hoja, na mpaka bungeni imeshafika.

Kinachonisumbua ni picha ya mwenye nyumba inayochorwa kwenye mjadala huu: tajiri aliyekaa barazani akisubiri kuvuna. Hebu tupige hesabu. Tuseme nyumba ya vyumba viwili kule Chanika imekula milioni 45 pamoja na kiwanja, na inapangishwa 200,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 2.4. Toa kodi ya zuio, ile inayokwenda serikalini kutoka kwenye pango, ya asilimia 10, inabaki 2,160,000. Toa mwezi ambao nyumba ilikaa tupu, gari la kunyonya choo, koki na kitasa. Haifiki milioni mbili.

Milioni 45 hizohizo zikiwekwa kwenye hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani ukiikopesha serikali ikulipe riba, kwa ile riba ya asilimia 12.10 iliyotangazwa Aprili 2022, zinaleta 5,445,000 kwa mwaka, na riba hiyo haikatwi kodi. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 15.49. Hatifungani haizibi choo wala haibishani na mtu kuhusu bili ya maji. Utaniambia kiwanja kinapanda thamani. Kweli kinapanda, ila thamani hiyo humlipi nayo fundi bomba.

Kwa nini basi watu wanajenga? Kwa sababu wengi hawakuwahi kuwa na milioni 45 kwa wakati mmoja. Walikuwa na hela ya tofali mia mbili, mwaka uliofuata hela ya bati, kisha wakakaa miaka wakisubiri madirisha. Benki haikuwemo. Kodi ya miezi sita ndiyo inayopiga plasta chumba cha pili na kuweka malumalu cha tatu. Ni mkopo usio na riba, na mkopeshaji ni mpangaji. Hapo kilio chake nakielewa vizuri, maana hakuna aliyemuuliza kama anataka kukopesha.

Miezi hiyo sita ni kinga pia. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya 1984 ilifutwa 2005, na tangu hapo kila kitu ni makubaliano ya wawili. Mpangaji akigoma kulipa, mwenye vyumba vitatu Kitunda anaanza na mjumbe, anakwenda serikali ya mtaa, kisha baraza la ardhi, na muda wote huo mtu yuko ndani. Shirika la Nyumba la Taifa lina wanasheria wake na bado limekuwa likitangaza wadaiwa sugu, taasisi za serikali zikiwemo. Mwalimu mstaafu atawaweza?

Watu hutolea mfano Nairobi, ambako kodi ni ya mwezi na amana kidogo. Lakini kule ghorofa moja lina nyumba nyingi, kodi zake zinamlipa msimamizi anayeishi hapohapo na kumgongea mlango aliyechelewa. Vyumba vitatu havimlipi msimamizi.

Sheria ya mwezi mmoja ikija hivihivi, nadhani atakayeumia kwanza ni mama lishe na kijana wa bodaboda. Leo wakivunja kikoba na kuweka 900,000 mezani, hakuna anayewauliza wanafanya kazi gani. Kesho mwenye nyumba atataka hati ya mshahara na mdhamini mwenye ajira, na hawa wawili hawana. Karani wa benki, ambaye ndiye mwenye sauti kwenye mjadala huu, ataingia kwa kodi ya mwezi mmoja, na nyumba nzuri zitamfuata yeye.

Sitetei kila mwenye nyumba. Wapo wanaochukua kodi ya mwaka na choo hakina maji, au wanaopandisha bei mkataba ukiwa haujaisha. Na hili la kodi ya jengo, ambayo ni ya mwenye nyumba, kukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla anaoununua mpangaji, Sh1,500 kila mwezi, wangapi wanamrudishia mpangaji?

Miezi mitatu na amana ya mwezi mmoja ningeiunga mkono. Ila amana inakaa kwa nani? Ikikaa kwa mwenye nyumba itaishia kwenye malumalu, na siku ya kuhama mpangaji ataambiwa rangi imechafuka. Ikikaa serikali ya mtaa, inayogonga muhuri mikataba mingi, utaratibu wa kuitunza na kuirudisha utabidi uandikwe upya. Kipengele hicho ndicho nitakachokitafuta kwanza muswada ukisomwa.