Mkono wapimika, jicho je?

Mtu anayeshika kana, yaani mpini wa usukani wa mashua, kwa mara ya kwanza, pale mbele ya Shela, Lamu, hufanya kosa lile lile: anataka mashua iende kulia, anaisukuma kana kulia, na mashua inamgeukia kushoto. Nahodha humwacha tu. Baada ya safari kadhaa mkono huzoea, na mwenyewe hakumbuki tena kwamba kuna kitu alipaswa kukigeuza kichwani.

Daktari anayejifunza upasuaji wa matundu madogo huikuta kana yake tumboni mwa mgonjwa. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili litune, kamera hupitishwa kwenye tundu moja, na vifaa virefu vyembamba kwenye matundu mengine mawili au matatu. Kila kifaa huegemea ukuta wa tumbo, kwa hiyo mkono ukienda kulia, ncha ya ndani huenda kushoto. Tena daktari haitazami mikono yake, anatazama skrini bapa. Mazoezi ya kuzoea kinyume hiki yafanyikie wapi: ndani ya mama wa mtu aliyevushwa kwa boti hadi Mokowe na kupelekwa Malindi au Mombasa kwa barabara ya Garsen, au kwenye mashine ya uhalisia pepe, yaani kompyuta inayouigiza upasuaji kwenye skrini, ambayo haitoki damu?

Likiulizwa hivyo, jibu ni rahisi, na wanaozitetea mashine wana historia ya kuonyesha. Erich Mühe aliondoa mfuko wa nyongo kwa njia hii huko Ujerumani mwaka 1985, Philippe Mouret akafanya vivyo hivyo Lyon mwaka 1987, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 kila mpasuaji wa Ulaya na Marekani alitaka kuonekana naye yumo. Wengi walijifunza kwa kozi za siku mbili tatu. Mrija mkuu wa nyongo ukaanza kukatwa kimakosa mara nyingi zaidi kuliko zama za kupasua tumbo wazi, na mgonjwa aliyeahidiwa vidonda vidogo akaishia na maradhi ya ini.

Ndipo mashine zikaja. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, lililochapishwa mwaka 2002, madaktari 16 waliokuwa bado mafunzoni waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likafanya mazoezi kwenye mashine iitwayo MIST-VR. Skrini yake haikuwa na ini wala nyongo, ilikuwa na maumbo tu ya kushikwa na kusogezwa. Hata hivyo walipoingia chumba cha upasuaji, walioizoea waliutenganisha mfuko wa nyongo na ini kwa kasi zaidi kwa asilimia 29, na wale wa kundi la pili walielekea mara 5 zaidi kuujeruhi mfuko au kuunguza nyama isiyohusika. Denmark nako, mwaka 2009, madaktari wa uzazi waliopitia mashine waliondoa mrija wa uzazi kwa dakika 12, wenzao kwa 24.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi wale wa Yale walivyofundishwa. Hawakupewa idadi ya saa. Waliwekewa kiwango cha wapasuaji wazoefu na hawakuruhusiwa kuondoka mpaka wakifikie. Aliyesoma chuoni hapa Lamu anaujua utaratibu huo: mwalimu hajali umekaa miezi mingapi kwenye juzuu ya Amma, anataka uisome mbele yake bila kukwama.

Basi kwa kufundishia, sina ubishi. Ubishi wangu unaanzia kwenye kupima, yaani pale alama za mashine zinapotaka kuwa cheti. Upande wa ndiyo una hoja ambayo watu wa hapa wataielewa bila kuelezwa: mashine haina mjomba. Haijui wewe ni mtoto wa nani, wala haikumbuki ulivyombebea mkubwa mkoba. Inahesabu muda, urefu wa njia ambayo ncha ya kifaa imepita, mikono ilisogea mara ngapi, na makosa.

Lakini je, hayo ndiyo yanayoumiza wagonjwa? Mwaka 2003 watafiti wa San Francisco walichapisha uchambuzi wa majeraha 252 ya mirija ya nyongo. Katika asilimia 97 chanzo kilikuwa jicho: mpasuaji aliuona mrija mkuu akaamini ndio ule mdogo wa kwenye mfuko, unaotakiwa kukatwa, akaukata kwa utulivu na ustadi. Mkono usio hodari ulikuwa sehemu ndogo mno. Nilipoisoma takwimu hiyo niliiona kesi yote ikipinduka. Balaa lile lile lililozizaa mashine za mazoezi halikuwa hasa balaa la mikono, na mashine inayosifu mikono myepesi inaweza kumpa alama ya juu mtu atakayekata kitu kisicho chake upesi zaidi. Tena haimpimi kwa uamuzi mgumu kuliko yote, wa kuweka vifaa chini na kulipasua tumbo wazi. Nahodha aliyerudi bandarini kwa sababu ya kusi hana muda mzuri wa kuonyesha.

Watetezi watasema mashine za leo zina viungo kamili, damu, na hata hisia ya mguso mkononi. Kweli, na bei yake ni makumi ya maelfu ya dola. Wamarekani wenyewe, ambao bodi yao ya upasuaji inadai mtihani wa matundu madogo kwa wanaohitimu tangu 2010, katika sehemu ya mikono hawatumii uhalisia pepe. Wanatumia kisanduku chenye kamera: hamisha vipande vya mpira, kata duara kwenye shashi, funga kitanzi, shona fundo. Kisanduku cha namna hiyo fundi yeyote wa Langoni atakitengeneza kabla ya adhuhuri, na simu ya mkononi ikawa kamera.

Kwa hiyo akija mfadhili Lamu au Malindi na mashine yenye skrini tatu, ningemuuliza kwanza ni nani atakayelipia gesi na ukarabati wa kamera halisi mwaka wa pili, maana mkono usiofanya kazi husahau. Mimi ningeanza na visanduku. Fedha zitakazobaki zimlete mpasuaji mzoefu kila baada ya miezi michache, asimame ubavuni mwa mwanafunzi mbele ya mgonjwa halisi, hasa ile dakika mkasi umeshafunguka na jicho linasema kwa uhakika kabisa kwamba huu ndio mrija wenyewe.