Mwenye Parseli ni Nani?

Mie ni fundi cherehani, Kamalondo, hapa Lubumbashi. Jumatatu hadi Ijumaa nikikosea pindo la suruali, mtu ananiambia tu, "Papa, rekebisha," basi. Jumamosi navaa shati la mwamuzi wa basketi, na watu walewale wananitukania hadi babu aliyezikwa kabla mpira wa kikapu haujafika mji huu.

Lubumbashi hii imelelewa na timu za Mazembe na Lupopo. Futiboli ndiyo wanayoijua. Kuna tantine mmoja muuza mandazi, kila nikiinua ngumi juu kuonyesha faulo anapaza sauti: "Kadi nyekundu!" Nimemweleza mara ngapi, mama, huku hakuna kadi, mtu anahesabiwa faulo, zikifika tano anatoka. Naye: "Basi si umpe zote tano!"

Lakini linalonimaliza ni lile la kugongana. Huyu anakuja na mpira kama wewa, dereva wa pikipiki isiyo na breki, yule kasimama mbele, pu! Wote chini. Nani kamkosea nani? Sheria inasema kila mchezaji ana pake pa kusimama, hata hewa iliyo juu ya kichwa chake ni yake. Aliyewahi kukanyaga kwa miguu yote miwili, uso kamwelekezea mpinzani, huyo ndiye mwenye parseli, mwenye kiwanja. Sasa niambie: mji ambao parseli moja inauzwa kwa watu watatu na hati zote zina muhuri, mahakamani kesi inakula miaka, mimi niimalize kwa pumzi moja ya filimbi!

Jumamosi iliyopita, robo ya nne, zimebaki dakika mbili. Kijana mmoja mrefu akamvamia beki aliyekwisha kusimama zamani. Nikapuliza. Ngumi kwenye kiganja: faulo ya mwenye mpira. Ni ya tano kwake, nje. Nageuka niwaonyeshe namba watu wa mezani, nasikia nyuma yao mzee anapiga ukelele wa msiba. Bayeri wangu! Mwenye nyumba ninayolala! Kumbe kijana ni mwanawe, kaja likizo kutoka Likasi.

Sitawadanganya, roho iliniambia nibadilishe haraka, niweke mikono kiunoni, ile ishara ya kusema beki ndiye aliyeziba njia. Lakini ngumi ilishalia kwenye kiganja, na kitambaa kilichokatwa, fundi gani anakirudisha?

Jumapili, kabla ya misa, hodi. Bayeri hata kiti hakutaka. Akainua ngumi juu, mkono umenyooka vizuri kuliko wangu, kisha akafungua vidole vinne.

"Miezi minne hujalipa, Papa arbitre. Wa tano, sheria unaijua."

Nikageuka ndani nitafute wa kunitetea. Mke wangu kasimama mlangoni, mikono yote miwili kiunoni.