Jamani, Q Iko Wapi?

Kabla hamjaendelea kusambaza ile sauti ya dakika tatu, naomba na mimi nisikilizwe. Yule rafiki yangu, ambaye jina lake halina haja maana mnamjua, amewaambia kwamba nilitaka kuruka foleni uwanja wa ndege London na wazungu wakanizomea. Uongo mtupu. Wazungu hawakunizomea. Wangenizomea ningeshukuru.

Kiingereza changu mimi nimekiokota vitabuni na kwenye filamu za Marekani. Kwenye filamu watu wako "in line", na anayejipenyeza anaambiwa ame-"cut in line". Kwa hiyo "line" naijua vizuri, tumekua pamoja. Neno "queue", ambalo nalo ni foleni hiyohiyo, nalijua, ila tulikuwa tunakutana kwenye karatasi tu, na mwenzenu ni mtoto wa Kiswahili, kwetu herufi ikiandikwa inatamkwa. Kichwani mwangu miaka yote lilikuwa "kweue". Nimewahi hata kulifundisha hivyo. Wanafunzi wangu wa tuisheni mlio humu, nitawatafuta mmoja mmoja tusameheane.

Basi nimeingia ukumbini, mabegi mawili, pasipoti nimeing'ata mdomoni (msiniulize). Juu kumening'inizwa mabango ya herufi, A, B, C, na kuendelea. Nikamuuliza dada mmoja mwenye sare, mizigo nakabidhi wapi? Akatabasamu, akanyoosha mkono kule mbali, "Just join the queue, please."

Mimi nikasikia Q.

Na kwa nini nisisikie Q? Neno lina herufi tano, nne zimekuja kusindikiza tu. Linatamkwa sawasawa na herufi Q ikiwa peke yake. Nikashukuru, nikainua kichwa, nikaanza kusukuma toroli. A ile pale. B ile. C imejaa watu, poleni zao, mimi wa Q. D, E, F, moyo mweupe kabisa. Nikafika H, nikakuta ukuta. Herufi zimeisha. Nikautazama ule ukuta kama mtu aliyetumwa dukani akakuta duka limehama. Nikajipa moyo, pengine Q iko ghorofa ya juu. Nikapanda lifti. Juu kuna mgahawa. Nikashuka.

Muda unakwenda, jasho linatoka. Pale C, mbele kabisa, nikaona dirisha moja mhudumu hana mtu. Nikasema ngoja nimuulize huyu. Nikapita pembeni ya kamba, kwa nia njema, Mungu ni shahidi wangu.

Hapa sasa twende polepole.

Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa. Kageuka mwenzenu, ni mzee wa watu, koti refu, sauti ya chini kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Akasema, "Excuse me, there is a queue."

Wadau, jiwekeni kwenye viatu vyangu vilivyokuwa vimeshalowa. Dakika ishirini naitafuta Q jengo zima, na huyu mzee, bila hata kuombwa, ananiambia ipo! Nikaudaka mkono wake kwa mikono yangu miwili. Nikautikisa. Nikasema, kwa sauti iliyofika hadi kwa mtu wa mwisho, "Oh, thank you! Where?"

Kimya.

Mzee akautazama mkono wake uliokuwa bado mikononi mwangu. Kisha, kwa ule uliobaki, akaonyesha nyuma yake. Nikatazama. Watu hamsini, sitini hivi, wamejikunja kunja ndani ya kamba kama utumbo, na wote wananitazama. Lakini mimi siwatazami wao, natafuta bango. Nikasimama kwa ncha za vidole, nikakaza macho juu ya vichwa vyao. Mama mmoja akafumba macho. Mtoto wake akataka kuuliza kitu, akazibwa mdomo.

"This," mzee akasema, taratibu, kama anayemwongelesha mgonjwa. "This is the queue."

Na mimi (hapa ndipo ningeomba ardhi ipasuke, lakini ilikuwa ya marumaru) nikamwonea huruma. Nikajua mzee haoni vizuri. Nikamwonyesha bango kwa heshima zote: "No, sir. This is C."

Ndipo mlio wa kwanza ukasikika. Waingereza hawazomei, narudia. Wana ka-mlio ka ulimi, kama kusonya kwetu lakini wamekakausha, hakana mate. Mmoja akakatoa, wa pili akaitika, kikaenda mpaka mkiani. Kisha kijana mmoja mwenye begi mgongoni akanionea imani. "Mate. The line. Back of the line."

Line! Nikazisikia zile herufi nne zikidondoka kichwani moja moja. U. E. U. E.

Yaliyofuata hayana maana. Nilisema "sorry" mara nyingi, nikaenda nyuma, na ndege sikuikosa, hapo rafiki yenu kaongeza chumvi.

Huko nyuma nikafungua simu kwa hasira kulichunguza hilo neno. Kumbe walilichukua kwa Wafaransa, maana yake mkia, wakabeba na herufi zake zote bila kuzipa kazi. Mwanahistoria wao Thomas Carlyle, mwaka 1837, akiandika juu ya Mapinduzi ya Ufaransa, alikuwa akiwasifia Wafaransa kwa kipaji cha kujipanga namna hiyo! Leo jamaa wanakusonyea kana kwamba walizaliwa nacho. New York wanasema wako "on line", na hawamaanishi intaneti. Magari yakikwama Uingereza ni "tailback", mkia tena. Na foleni yetu wenyewe inatokana na amri yao ya jeshini, "fall in". Yule dada angeniambia "fall in" ningejipanga palepale bila mkalimani.

Nikiwa katikati ya uchunguzi huo, mama aliye mbele yangu akamwambia mwanawe atazame "crocodile" inayopita. Mamba. Ndani ya uwanja wa ndege. Nikakagua sakafu, safi. Nikainua macho, nikaona watoto wa shule wanapita wawili wawili, wameshikana mikono, mwalimu mbele.

Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Nikaung'atisha pasipoti.