Uchovu wa Wauguzi Hauishi kwa Semina

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu sugu wa kazi si ugonjwa, bali ni hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kudhibitiwa: mtu huishiwa nguvu, hujitenga na kazi yake au kuichukia, na ufanisi wake hushuka. Maelezo hayo yanauweka mzizi wa tatizo kazini. Hata hivyo, kinga inayotolewa katika hospitali nyingi humlenga mfanyakazi mwenyewe, ambaye huitwa kwenye semina ya afya ya akili na kushauriwa alale vya kutosha, kisha akitoka hapo anakuta jina lake limeongezwa kwenye ratiba ya usiku.

Waajiri wana hoja. Wauguzi ni wachache, wodi haifungwi, na mmoja akienda likizo ya uzazi zamu zake hubebwa na waliobaki. Msimamizi wa wodi hana mamlaka ya kuajiri. Anagawa upungufu aliokabidhiwa, na kumlaumu yeye ni kumwonea.

Sheria nayo haikukaa kimya. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na likizo ya mwaka ya siku 28. Ugumu ni kwamba mwajiri humhesabia mtu saa alizomtumikia yeye tu, ilhali wapo wauguzi ambao, wakishakabidhi wodi asubuhi baada ya kukesha, hupanda daladala kwenda kufanya deiwaka, yaani kibarua cha kulipwa kwa siku, katika zahanati binafsi, na wengine huimalizia likizo yenyewe huko huko.

Hapo ndipo watetezi wa mapumziko, ambao kwa mengine naungana nao, huzidiwa hoja. Kumwongezea likizo mtu ambaye mshahara wake haumfikishi mwisho wa mwezi ni kumwongezea siku za deiwaka. Na kumpunguzia saa za ziada, ambazo kisheria hulipwa mara moja na nusu, ni kumpunguzia kipato. Si ajabu basi kwamba baadhi huzigombea saa hizo badala ya kuzikwepa.

Kwa maoni yangu, penye bajeti finyu, hatua yenye uzito kuliko semina ni kuwapa wauguzi sauti katika ratiba: itoke mapema, zamu ya usiku isifuatwe papo hapo na ya mchana, na anayetaka kubadilishana zamu na mwenzake asilazimike kubembeleza. Watafiti Christina Maslach na Michael Leiter wameutaja uwezo wa mtu kuwa na kauli juu ya kazi yake, pamoja na haki katika kutendewa, miongoni mwa maeneo sita yanayochochea au kuzuia uchovu huu. Ratiba nzuri haiongezi muuguzi hata mmoja, na wodi yenye nusu ya watu wanaohitajika itaendelea kuwachosha hata ikipangwa kwa uadilifu, lakini ratiba hiyo haisubiri kibali cha ajira kutoka Utumishi, ofisi ya serikali inayosimamia watumishi wa umma, na msimamizi anaweza kuianza mwezi ujao.