Kitufe cha Kuwasha Kiko Wapi, Jamani?

Mwenzenu nimenunua kompyuta mpya ya mezani. Sikuinunua kwa kupenda. Ile ya zamani feni yake ilikuwa inavuma mpaka watu wa nyumbani wananiuliza kama kuna ndege inatua. Nikavumilia mwaka wa kwanza, nikavumilia wa pili, wa tatu ikaanza kujizima kila nikikaribia kuhifadhi kazi, kana kwamba inanivizia. Nikasema potelea mbali, nikajikaza, nikanunua.

Kufungua boksi peke yake ni starehe, nakiri. Kifuniko kinapanda polepole kama kinaheshimu wageni, na ndani kuna karatasi laini iliyokunjwa vizuri kuliko shati langu la kazini. Nikaitoa kompyuta, nikaiweka mezani, nikachomeka waya wa umeme, nikarudi nyuma hatua moja kuitazama. Halafu nikaiendea kuiwasha.

Kitufe hakuna.

Nikapapasa mbele. Nikapapasa juu. Nikabonyeza nembo ya kampuni, nikaibonyeza tena kwa adabu, nikaishikilia sekunde kumi. Kimya. Binti yangu akapita, akauliza, "Baba, unaipima homa?" Nikamwambia aende akasome. Nusu saa baadaye ndipo nikakiona: kijitufe kama punje, rangi ileile ya kasha, kimejibanza nyuma karibu na waya wa umeme, hakina alama wala taa. Aliyekiweka pale ni mtu aliyezoea kuficha pesa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nikadhani ni mkosi wangu peke yangu. Kumbe huu ni ugonjwa wa ukoo mzima. IBM PC ya kwanza, iliyotangazwa tarehe 12 Agosti 1981, ilikuwa na swichi kubwa nyekundu ubavuni. Ukiinyanyua inalia "kaa!" na mtu wa chumba cha pili anajua umeanza kazi. Memori yake ilianzia kilobaiti 16, haitoshi hata kwa picha moja ya simu yako, lakini angalau ulijua pa kuwashia. Tangu hapo kitufe kinahamahama kama mpangaji mwenye madeni. Mwaka 2000 Apple walitoa Power Mac G4 Cube, mchemraba mzuri kweli, haina hata feni. Kitufe chake hakibonyezwi, kinaguswa tu, na wenye nazo wakalalamika kwamba ukipitisha mkono pale juu kwa bahati mbaya, mashine inajibu kama umeiita. Julai 2001 wakasimamisha kuitengeneza.

Basi ungedhani somo limeingia. Mwaka 2024 wakaleta Mac mini mpya, kadogo, sentimita 12.7 kwa 12.7, kitufe wamekiweka chini, kwenye kona ya nyuma. Chini ya tumbo! Yaani kuiamsha unainyanyua kama mtoto unayemkagua nepi. Kuna waliocheka, kuna waliokasirika, na kuna waliokaa wakabuni vijikono vya plastiki na kuvichapa kwa printa ya 3D ili wakibonyeze bila kuinyanyua. Halafu wakatokea wale wapole: "Mbona sisi hatuzimi kompyuta, tunailaza tu?" Hao ndio wanaotuharibia. Kila kilio hapa duniani kina mtu wa pembeni anayesema yeye mbona hakuumia.

Haya, yangu ikawaka. Nikataka kuchomeka hedifoni, nikaanza tena kupapasa.

Hivi wembamba wa kompyuta ya mezani ni wa kumpendeza nani? Simu nyembamba naielewa, inakaa mfukoni. Ya mapajani naielewa, inabebwa. Ya mezani inakaa mezani, jina lake limeshasema. iMac ya Apple ya 2021, ambayo kompyuta na skrini ni kitu kimoja, ina unene wa milimita 11.5, na kwa jinsi walivyoibana, tundu la hedifoni likakosa kina cha kukaa nyuma, likahamia ubavuni. Lile la waya wa mtandao, kwa zilizokuwa nalo, likapelekwa kwenye adapta ya umeme, huko sakafuni likae na vumbi. Sasa huo ni wembamba au ni kumtwika mwenzako mizigo halafu ukapande mizani? Mimi kompyuta yangu naitazama kwa mbele. Kwa ubavu niliitazama siku moja tu, kalamu ilipodondoka.

Yangu nayo imepunguzwa matundu. Yamebaki manne, yote USB-C, yanafanana kama pacha wanne waliovalishwa sare. Moja linapeleka picha kwenye skrini, la pili ni la kasi, la tatu linachaji, na la nne mpaka leo sijui limekuja kwa mwaliko wa nani. Hayana maandishi. Wakati huohuo printa yangu, kibodi yangu na flashi zangu zote ni za kile kichwa kipana cha zamani, kile ambacho ukikichomeka hakiingii, ukikigeuza hakiingii, ukikirudisha ulivyoanza kinaingia. Nilikuwa nakitukana. Sasa nakikumbuka kama marehemu mwenye moyo mzuri.

Nikanunua adapta. Adapta ikataka adapta. Meza niliyotaka ipumue sasa inafanana na kitanda cha wodi ya mahututi, mirija kila upande.

Na usijaribu kusoma karatasi ya maelezo ili uelewe tundu lipi ni lipi. Kulikuwa na USB 3.0, kipimo cha kasi ya matundu haya. Ikaja ikaitwa USB 3.1 Gen 1. Tukiwa bado tunaikariri, ikaitwa USB 3.2 Gen 1. Kitu kilekile! Kasi ileile, gigabiti 5 kwa sekunde! Binadamu akibadilisha jina mara mbili bila kubadilika tabia, polisi humwita kwa mazungumzo. Hawa wanaandikiwa majina kwenye boksi kwa herufi za kung'aa.

Nisiwe mnafiki lakini. iMac ya kwanza ilipotoka mwaka 1998 bila mahali pa kuingiza flopi, kelele zilikuwa hizihizi. Watu wakauliza sasa kazi zetu tutazibebaje, mimi nikiwa mstari wa mbele, tena nikipiga meza. Flopi yenyewe ilibeba megabaiti 1.44, ikipita karibu na sumaku ilisahau hadi jina lake, na bado tuliitetea kama ardhi ya babu. Pale tulikosea, nakubali. Ila waliolalamikia kile kipanya chake cha duara hawakukosea hata kidogo: unakishika hujui kichwa kiko wapi na mkia uko wapi, mshale unakwenda kaskazini mkono unakwenda mashariki.

Na kwa nini kipanya ndicho kinachoonewa siku zote? Ile Magic Mouse ya Apple ya 2015 tundu la chaji liliwekwa chini. Kikiishiwa nguvu unakilaza chali, miguu juu, unakaa unakitazama. Watu walikisema, wakakichora, wakakitania miaka tisa mizima. Mwaka 2024 likatangazwa toleo jipya. Tukasogeza viti. Aina ya tundu wamebadilisha, sasa ni USB-C. Mahali? Palepale tumboni! Hapo nilivua kofia, maana ukaidi wa namna hiyo unahitaji mafunzo.

Ya maumbo sitayakalia sana, ila kompyuta za gharama kubwa nazo zina vituko vyake. Mac Pro ya Apple ya 2013 ilikuja nyeusi, ya mviringo, watu wakaibatiza pipa la taka siku hiyohiyo. Mwaka 2017 kampuni yenyewe ikakiri kwamba umbo lile liliwabana kwenye suala la joto. Ya 2019 ikaja na matundumatundu usoni, ikaitwa kikwaruzio cha jibini. Hiyo ungeweza kuiongezea magurudumu kwa malipo ya ziada, magurudumu yasiyo na breki. Kompyuta ya mezani inayoweza kuondoka! Na skrini iliyoambatana nayo ilikuwa na stendi inayouzwa peke yake. Bei ilipotajwa jukwaani, ukumbi mzima uliguna, na hao walikuwa watu waliokuja kushangilia. Bei siitaji hapa, isije ikamwamsha mgonjwa.

Upande wa pili kuna akina shemeji yangu, watu wa michezo ya kompyuta. Shemeji ameunda yake mwenyewe, kipande kwa kipande. Ukuta mmoja ni wa kioo, na ndani kila kitu kinawaka: feni zinawaka, kibodi inawaka, hata memori inawaka. Nikamuuliza, "Shemeji, memori ikiwaka nyekundu inakumbuka zaidi?" Akanitazama kwa huruma, kama nimeuliza bahari ina maji. Siku hizi anaiota RTX 5090, kadi ya picha iliyotoka Januari 2025. Kadi moja tu inatajwa kula hadi wati 575. Mimi pasi yangu ikila hizo nguo zinanyooka. Yeye anapata vivuli vizuri vya majani ya miti ambayo haipo.

Nililala kwake usiku mmoja kwenye chumba kile. Saa nane za usiku ukuta ulikuwa wa zambarau, ukawa kijani, ukawa zambarau tena. Nikamwamsha nimwombe azime taa. Akasema kuzizima lazima ufungue programu yake, na programu imegoma mpaka aisasishe, na kuisasisha kunataka nenosiri ambalo amelisahau. Taa! Nilijifunika taulo usoni mpaka asubuhi.

Kwangu taa hakuna, namshukuru Mungu, ila kuna diski. Boksi limeandika terabaiti 1. Nikaiangalia kwenye kompyuta, nikakuta gigabaiti 931. Nikahesabu tena, nikidhani nimeibiwa njiani. Kumbe mtengenezaji anahesabu kwa elfu elfu, mfumo wa kompyuta yangu unahesabu kwa 1,024, na katikati ya hesabu zao mbili gigabaiti zangu zinayeyuka. Kila mmoja anasema yuko sahihi. Na kweli kila mmoja yuko sahihi! Aliye na hasara ni mimi tu.

Halafu kuna hii akili unde. Mimi sina ugomvi nayo, ugomvi wangu ni makao yake. Januari 2024 Microsoft walitangaza kitufe kipya cha Copilot, msaidizi wao wa akili unde, kwenye kibodi, badiliko kubwa la kwanza kwa kibodi za Windows kwa takriban miaka thelathini. Kitufe kipya hakishuki kutoka mbinguni, lazima mtu ahame, na kwenye kibodi nyingi aliyehamishwa ni Ctrl ya kulia. Ctrl ya kulia! Mkono wangu unaijua kuliko njia ya kwenda chooni usiku. Sasa ninataka kunakili sentensi, linafunguka dirisha linaniuliza linisaidie nini leo. Nisaidie kunirudishia Ctrl yangu.

Mei mwaka huohuo wakatangaza Recall, kipengele cha kuipiga picha skrini yako kila baada ya sekunde chache ili kesho uweze kutafuta ulichokiona jana. Watu wakapiga kelele mpaka uzinduzi ukaahirishwa. Waliolalamika walizungumzia usalama na faragha, hoja nzito. Mimi hoja yangu ni nyepesi zaidi: nilichokiona jana kwenye skrini ni mimi mwenyewe nikicheza karata saa za kazi. Sihitaji kukumbushwa.

Nilichotaka mimi, na nadhani ndicho anachotaka kila mwenye mgongo unaouma, ni kompyuta ileile ya jana iliyoongezwa mbio. Basi. Usinihamishie tundu, usinifichie kitufe. Mwaka 2012 Windows 8 iliondoa kile kitufe cha Start pale kona ya chini, watu wazima na akili zao wakabaki wanaizunguka skrini kama kuku aliyefungiwa mlango. Mwaka uliofuata, kwenye 8.1, kikarudishwa. Kilirudi kimechoka, hakifungui menyu ya zamani, lakini kilirudi. Kwa hiyo msiniambie kulalamika hakusaidii.

Nasema yote haya nikiwa kwenye ile ya zamani, kwa taarifa yenu. Mpya iko mezani hapo pembeni, nyembamba, kimya, inasubiri nithibitishe akaunti kwa namba waliyonitumia kwenye barua pepe ambayo nenosiri lake limo ndani ya ile ya zamani. Feni inavuma. Binti ameshauliza kama ndege imerudi.

Jana nimesikia wanaandaa toleo la mwakani la hii yangu. Wanasema kitufe cha kuwasha kitakuwa mbele. Mbele kabisa, na taa ndogo.

Nimeshaanza kuweka akiba.