Siku ya Tathmini na Nauli ya Basi la Usiku

Basi la usiku kutoka Kisumu lilinishusha Nairobi kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Shati jeupe nilikuwa nimelikunja kwenye bahasha ya vyeti, nikalivaa chooni pale pale steji. Saa mbili tulikuwa watu ishirini na wanne ukumbini, tunashindania nafasi nne za mafunzo ya wahitimu. Kufikia jioni tulikuwa tumefanya mtihani wa hesabu na wa ufahamu, tumejadili kwa makundi kisa cha duka linalokimbiwa na wateja, tumepanga rundo la barua pepe kwa uzito wake, tumetoa hotuba za dakika kumi, kisha tukahojiwa na jopo la watu watatu. Nafasi sikupata.

Tangu wakati huo nimewasaidia wahitimu kadhaa wa Maseno na Egerton kujiandaa kwa siku kama hiyo, ambayo waajiri huiita kituo cha tathmini, na kila mara ubishi unaibuka ule ule: je, njia hii ni ya haki, au ni chujio jipya la kuwabakisha watu wale wale?

Upande wa haki una hoja nzito. Sote tunaijua njia ya zamani. Kwetu jina lako la pili linakutangulia mlangoni, na swali la kwanza huwa “kwenu ni wapi?” Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Sheria kama hiyo haitungwi mahali ambapo kazi hutolewa kwa uwezo pekee. Siku ile hakuna aliyeniuliza kwetu. Kila mtathmini alikuwa na fomu, aliwatazama watu wawili, kisha zoezi lililofuata akapewa wengine. Jioni walifungiana chumbani kulinganisha alama. Mtu mmoja mwenye chuki au mwenye mpwa wake hawezi kuamua peke yake.

Hata chimbuko la njia hii linashabihiana na shida yetu. Jeshi la Uingereza lilipoanzisha bodi zake za kuchagua maofisa mwaka 1942, lilikuwa limechoshwa na mahojiano mafupi yaliyotazama zaidi mtu alisoma shule gani na anatoka ukoo gani. Watahiniwa wakapewa kazi kwa makundi, bila kiongozi, na wachaguzi wakakaa kando kutazama. Baada ya vita kampuni zikaiga; ile ya simu ya AT&T ya Marekani ilianza mwaka 1956.

Lakini ni mle mle kwenye kundi ndimo ninamoona kasoro kubwa. Mezani kwetu tulikuwa sita. Dada mmoja kutoka Bungoma ndiye aliyegundua kwanza kwamba jumla za ukurasa wa pili hazikuwa sawa. Alisema mara moja, kwa sauti ya chini. Dakika chache baadaye kijana aliyekaa mkabala naye akalirudia jambo lile lile kwa Kiingereza cha kutiririka, na hapo ndipo kalamu za watathmini zilipoanza kukimbia. Dada yule alilelewa, kama mimi, kwamba mtu akizungumza humkati kauli, unangoja amalize. Mezani pale aliyengoja hakupata zamu.

Wapo wanaosema kazi yenyewe inataka msemaji. Kwa anayekwenda kuuza, nakubali kabisa. Kwa anayekwenda maabara au kwenye vitabu vya hesabu, sikubali. Yule aliyeona kosa ndiye ningemtaka kwenye vitabu vyangu.

Tafiti nazo hazikitetei sana kituo cha tathmini. Mwaka 2022 mwanasaikolojia Paul Sackett na wenzake walipitia upya ushahidi kuhusu njia za kuajiri, wakitazama alama za uchaguzi zinavyowiana na utendaji kazini, ambapo 1 ni uwiano kamili. Mahojiano yenye maswali yaliyopangwa, yale yale kwa kila mtu, yalipata 0.42. Kituo cha tathmini, 0.29. Mahojiano ya kupiga gumzo tu, 0.19. Kwa hiyo siku nzima ya mazoezi inashinda gumzo, ila inashindwa na saa moja ya maswali yaliyoandaliwa vizuri. Kwangu hili ndilo linaloamua: faida ya siku ile, nadhani, imo zaidi kwenye maswali sawa na fomu za alama, na hivyo vyote vinaweza kuletwa Kisumu au Nakuru ndani ya mkoba mmoja.

Maana gharama ni yetu. Kutoka Kisumu ni takriban kilomita 350, nauli ya kwenda na kurudi, na usiku usio na usingizi kabla ya mtihani wa hesabu wa kupimwa kwa dakika. Mwenzako amelala kwao Lang'ata, hapo hapo Nairobi. Baadhi ya waajiri bado wanataka ubebe na cheti cha polisi cha tabia njema siku hiyo, ingawa Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022 kuwazuia kudai vyeti vya aina hiyo kabla hawajawa tayari kukupa mkataba. Na ukishatumia hayo yote, jibu ni kimya. Watu wanne waliandika kurasa nzima juu yangu siku ile; mistari miwili tu kati ya hiyo ingenifaa kuliko kitabu chochote cha mbinu za mahojiano.

Dada wa Bungoma aliitwa baadaye na mwajiri mwingine hapa Kisumu. Maswali manane, sawa kwa kila mtu, na jedwali la hesabu lenye makosa ayatafute. Saa tano asubuhi alikuwa amemaliza, na alasiri alikuwa kwao.