Pimeni kwanza, ndipo muihukumu pampu

Gari limezima. Stata inazunguka vizuri, injini haishiki. Fundi anatega sikio karibu na tangi sekunde mbili, hasikii kitu, anatoa hukumu: pampu ya mafuta, ile inayokaa ndani ya tangi, imekufa. Kiti cha nyuma kinang'olewa, pampu mpya inafungwa, gari linawaka. Wiki tatu baadaye limezima tena, na sasa mwenye gari anaambiwa ile pampu ilikuwa feki, anunue nyingine. Muda wote huo hakuna aliyeshika mita wala geji ya presha. Hili linanikera kuliko kosa lolote jingine la gereji, kwa sababu kupima ni kazi ya nusu saa, na anayelipia uvivu huo ni mwenye gari.

Ukiwasha swichi bila kupiga stata, magari mengi ya petroli yenye injekta (vinyunyizio vya mafuta) huipa pampu umeme kwa sekunde mbili tatu ili ijaze presha, kisha huukata. Fungua mfuniko wa tangi, mmoja awashe swichi, mwingine asikilize mdomoni pa tangi. Ukisikia mvumo mfupi, pampu inazunguka, ila hujajua kama inasukuma mafuta ya kutosha. Ukisikia kimya, bado usiizike. Angalia fyuzi. Badilisha rilei, ile swichi ndogo ya umeme inayoiwasha pampu, na nyingine ya namba ileile kutoka boksi hilohilo la fyuzi. Magari mengine yana swichi inayokata mafuta gari likigongwa, na hata shimo kubwa linaweza kuifyatua, ibonyeze irudi.

Sasa nyaya, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Watu wanachomoa soketi ya pampu, wanaweka mita, wanaona volti 12, wanasema umeme upo, basi pampu ndiyo mbovu. Kipimo hicho kinadanganya. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili za shaba utaonyesha volti 12 vilevile, kwa kuwa mita haivuti mkondo wa maana. Pampu nyingi huvuta ampea 4 hadi 8, na ni chini ya mzigo huo ndipo waya uliooza hujulikana. Kwa hiyo soketi ibaki imechomekwa, injini iwe inaunguruma au stata izungushwe, na ncha za mita ziingie kwa nyuma ya soketi. Linganisha na volti za betri wakati huohuo. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna mahali zinapotelea. Kisha weka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa ethi wa pampu, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi na hasi ya betri. Ukiona zaidi ya volti 0.2, kasafishe ethi kabla hujagusa kitu kingine. Pampu inayopata volti 9 itavuma kama kawaida, lakini gari litakosa nguvu mlimani na litazima ukikanyaga mafuta kwa nguvu. (Kuna magari ambayo kompyuta hupunguza umeme wa pampu makusudi, kwa hayo soma kitabu cha gari lenyewe.)

Imulike soketi hiyo kwa tochi. Mara nyingi utaona plastiki kuzunguka pini moja imegeuka kahawia na kuvimba kidogo, na pini yenyewe imepoteza mng'ao. Mguso umelegea, umezalisha joto, joto limezidi kuulegeza. Ukichomeka pampu mpya hapo, pini yake nayo itaungua, na hapo ndipo zinapotoka zile wiki tatu. Kata soketi, funga mpya pamoja na vipande vyake vya waya.

Halafu presha. Magari mengi ambayo injekta zake hunyunyizia kwenye manifoldi (njia ya hewa kuingia injini) hufanya kazi kati ya psi 40 na 60 kwenye geji ya presha, lakini fuata namba ya gari husika. Yale yanayonyunyizia moja kwa moja ndani ya silinda yana upande wa presha kubwa mno. Huo usiufungue kwa spana ya kubahatisha. Sindano ya geji ikianguka unapokanyaga mafuta, shuku filta, chujio la chini ya pampu, au zile volti tulizozisema. Ikipanda vizuri kisha ikaporomoka mara tu unapozima injini, mafuta yanarudi kupitia vali ya pampu au regyuleta (kidhibiti cha presha), au injekta inavuja, na dalili yake ni stata ndefu asubuhi. Presha ikiwa sawa hata wakati gari limegoma, iacheni pampu. Kapime cheche na sensa ya kranki, ile inayoiambia kompyuta kuwa injini inazunguka, maana sensa hiyo ikianza kufa, ikipata joto huzima gari na kuliacha liwake likipoa, sawasawa na pampu inayochoka.

Nakiri, pampu hufa kweli. Kama umeme na ethi ni safi na pampu iko kimya, ligonge tangi kwa chini kwa nyundo ya mpira huku mwenzako akipiga stata. Likiwaka, brashi za mota ya pampu, vile vipande vinavyoipelekea umeme inapozunguka, zimekwisha. Wanaotembea na taa ya mafuta ikiwaka kila siku wanaiharakisha siku hiyo, kwani petroli ndiyo inayoipoza na kuilainisha pampu. Robo tangi iwe ndiyo sifuri yenu.

Tangi nalo lisisahaulike. Gari likizima baada ya mwendo, fungua mfuniko. Likivuta hewa kwa nguvu kisha likawaka, njia ya kupumulia imeziba.

Kabla ya kufungua chochote, chomoa fyuzi ya pampu, acha injini iunguze mafuta mpaka izime, kisha toa waya hasi wa betri. Usikae na sigara, wala taa ya balbu ya kioo. Kola ya pampu, ile pete inayoibana kwenye tangi, ifunguliwe kwa shaba au mti, kwani chuma kwa chuma hutoa cheche. Ukiitoa pampu, geuza chujio lake: unga mwekundu ni kutu ya tangi, na tangi lisiposafishwa pampu mpya itausaga unga huohuo. Weka muhuri mpya wa mpira, rudisha betri, washa swichi mara tatu bila stata, na uchunguze kama kuna unyevu kwenye kola kabla hujarudisha kiti.